Amri ya Korti Imepuuzwa, Mirathi Imekwama: Maswali Yenu na Majibu

Barua za mwezi huu kutoka Nakuru, Kakamega, Muhoroni, Bungoma, Busia, Molo na Siaya zinahusu jambo moja: mali ya marehemu, amri ya korti, na ndugu asiyeitii. Wengi mnataka ndugu huyo afungwe. Wachache mno mna mkononi amri inayoweza kumfunga. Tumefupisha barua na kuondoa majina.

Kaka anakusanya kodi peke yake

*Baba alituachia nyumba 14 za kupangisha Free Area, Nakuru. Mimi na kaka yangu mkubwa ndio wasimamizi wa mirathi. Mwaka jana Mahakama Kuu iliamuru kodi yote iingie katika akaunti ya pamoja hadi kesi iishe. Hadi leo haijaingia hata shilingi. Anasema yeye ndiye mkubwa. Nilipeleka ombi la kudharau mahakama, likatupwa kwa sababu sheria iliyotajwa ilikuwa imefutwa. Nianze wapi? — Kitindamimba, Nakuru*

Dada, tuanze na hiyo sheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Kudharau Mahakama mwaka 2016. Tarehe 9 Novemba 2018 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliibatilisha yote, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwa kuwa iligusa uhuru wa mahakama. Vielelezo vya zamani vya maombi bado vimo katika kompyuta za ofisi nyingi, na wakili mwenye haraka hubadilisha majina tu. Katika Mahakama Kuu, uwezo wa kuadhibu dharau unatoka kifungu cha 5 cha Sura ya 8 ya Sheria za Kenya, ile inayoeleza mamlaka ya mahakama. Kwa kuwa kesi yako ni ya mirathi, taja pia kifungu cha 47 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, pamoja na Kanuni za 49 na 73 za kanuni zake. Kanuni ya 49 inasema ombi lisilowekewa utaratibu wake huletwa kwa samansi, yaani ombi rasmi la maandishi, pamoja na hati ya kiapo ikihitajika. Ya 73 inalinda uwezo wa mahakama wa kuzuia shughuli zake zisichezewe.

Ombi linaingia katika faili ileile ya mirathi, kwa nambari ileile. Huhitaji kuomba ruhusa kwanza kama ilivyokuwa zamani. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba hatua hiyo haihitajiki pale lalamiko ni la kukiuka hukumu au amri.

Kabla ya kuandika neno lolote, isome amri yako kwa jicho la wakili wa kaka yako. Inasema nani aweke pesa? Katika akaunti gani, benki gani, kuanzia mwezi upi, kabla ya tarehe ngapi? Maombi mengi hufia hapa. Amri inasema tu "kodi iwekwe katika akaunti ya pamoja", kumbe akaunti yenyewe haikufunguliwa kamwe kwa sababu inahitaji sahihi za wasimamizi wote wawili, na hakuna aliyemwita mwenzake benki. Kaka yako atasema hapakuwa na mahali pa kuweka pesa, na jaji atamsikiliza.

Ikiwa hali ndiyo hiyo, mwandikie barua kupitia kwa wakili. Taja benki, tawi, siku na saa. Mwambie aje na kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA, nakala ya hati ya usimamizi na nakala ya amri. Nenda siku hiyo hata kama unajua hatakuja, na uombe afisa wa benki akuandikie kwamba ulifika. Asipofika mara mbili, ukaidi wake umeanza kuonekana kwenye karatasi. Hata hivyo, njia salama zaidi ni kurudi kwanza kwa jaji uombe amri ifafanuliwe, itaje akaunti na tarehe. Utapoteza wiki kadhaa, lakini ombi lako la dharau halitaangushwa na neno lililokosekana.

Mbele ya jaji utathibitisha mambo manne: kwamba amri ilikuwa wazi na inamfunga kaka yako, kwamba aliijua, kwamba aliivunja, na kwamba aliivunja kwa makusudi. Kipimo cha ushahidi kiko juu ya kile cha kesi za kawaida za madai, ingawa hakifiki kabisa kile cha kesi za jinai. Mahakama ya Rufani iliweka kipimo hicho mwaka 1985 katika kesi ya Mutitika na Baharini Farm, na bado kinafuatwa kwa sababu mwisho wa ombi hili mtu anaweza kulala gerezani.

Kuhusu kuijua amri: chukua nakala iliyopigwa muhuri, na ukurasa wa mbele uwe na onyo kwamba asiyetii anaweza kufungwa au kutozwa faini. Mwagize mpeleka hati za korti mwenye leseni amkabidhi mkononi, kisha ale kiapo akieleza siku, saa, mahali na jinsi alivyomtambua. Tangu mwaka 2020 kanuni zinaruhusu pia hati kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu, lakini katika jambo la kumfunga mtu usiegemee ujumbe wa simu peke yake. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilisema mtu anayeijua amri hawezi kujificha nyuma ya kutokabidhiwa karatasi, na kwamba wakili wake akiwepo kortini amri ikitolewa, inachukuliwa kuwa mteja amejua. Hiyo ni kinga yako endapo mpeleka hati atakosea. Usiifanye kuwa mpango wako wa kwanza.

Ushahidi wa kodi uandae hivi. Tengeneza jedwali: mwezi, nambari ya nyumba, kodi, aliyelipwa. Kwa mfano, kila nyumba ikiwa Sh8,500, nyumba 14 ni Sh119,000 kwa mwezi, na kwa miezi 10 ni Sh1,190,000. Jaji akiona hesabu namna hiyo haulizi maswali mengi. Kisha tafuta wapangaji watatu au wanne walio tayari kula kiapo, kila mmoja aambatishe jumbe zake za M-Pesa zinazoonyesha jina la aliyepokea. Ongeza stetimenti ya akaunti ya pamoja inayoonyesha sufuri. Picha za skrini za simu ziambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kilichotiwa sahihi na aliyezitoa kwenye simu. Bila cheti hicho zinaweza kukataliwa.

Mwisho wa ombi, usiandike "afungwe miezi 6" ukaishia hapo. Kaka yako akifungwa, ile milioni hairudi. Omba pia atoe hesabu kamili ya kodi tangu siku ya amri, kwani kifungu cha 83 cha Sheria ya Urithi kinamtaka msimamizi atoe hesabu mahakama ikimtaka. Omba wapangaji waamriwe kulipa moja kwa moja kwenye akaunti ya pamoja, na kila mlango upelekewe nakala. Omba kile alichokula kikatwe katika fungu lake siku ya kugawana. Akiendelea, omba aondolewe usimamizi chini ya kifungu cha 76, ambacho kinaruhusu kubatilisha hati ya msimamizi asiyefanya kazi yake kwa bidii au asiyetoa hesabu. Kati ya haya yote, amri ya wapangaji kulipa moja kwa moja ndiyo inayoleta nafuu haraka, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Jiandae kwa mwendo wa hatua. Ana haki ya kujibu na kusikilizwa. Akipatikana na hatia, kwa kawaida hupewa siku nyingine ya kujitetea kuhusu adhabu, na majaji wengi humpa muda wa kutii kwanza. Usivunjike moyo ukiona hivyo. Lengo la mahakama ni amri itiiwe.

Msimamizi hataki kusaini

*Hati ya usimamizi wa mirathi ilithibitishwa miaka miwili iliyopita Kakamega. Shamba ni ekari 6, sisi ni watatu, kila mmoja ekari 2. Ndugu yetu ambaye ndiye msimamizi amekalia taitoli ya baba, hasaini kitu, na savea akija anafukuzwa. Tunaambiwa tumshtaki kwa kudharau mahakama. — Warithi wawili, Kakamega*

Ndugu zetu, bado mapema. Cheti cha kuthibitisha hati kinasema nani apate nini. Mara nyingi hakisemi: wewe fulani, saini karatasi hizi kabla ya tarehe fulani. Sheria, katika kifungu cha 83, inampa msimamizi miezi 6 tangu kuthibitishwa amalize kazi, na ndugu yenu amepitisha. Hilo ni kosa la usimamizi. Dharau inahitaji amri iliyomwelekeza yeye kwa jina na kwa tarehe.

Habari njema ni kwamba hamhitaji sahihi yake. Kifungu cha 98 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinairuhusu mahakama kumteua mtu mwingine asaini kwa niaba ya anayekataa. Pelekeni ombi lenye sehemu hizi:

Asaini fomu na kutoa taitoli ya asili ndani ya siku 14 tangu kukabidhiwa amri. Asipofanya hivyo, Naibu Msajili wa Mahakama Kuu asaini badala yake; katika korti ya hakimu huwa ni afisa mtendaji wa korti. Msajili wa ardhi aendelee bila taitoli ya asili. Savea aruhusiwe kuingia shambani kupima na kuweka bikoni (alama za mipaka), na OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha karibu, atoe ulinzi siku hiyo.

Ambatisheni fomu zenyewe zikiwa zimejazwa: ya kumsajili msimamizi kwa niaba ya marehemu, ya kuhamisha kwa kila mrithi, fomu ya mutesheni (ya kukata shamba vipande) ya savea, na maombi ya Bodi ya Ardhi. Hiyo ya mwisho husahaulika. Urithi wa shamba zima hauhitaji idhini ya Bodi, lakini shamba likikatwa vipande vyenye hatimiliki tofauti, idhini inahitajika. Naibu Msajili hawezi kusaini fomu ambayo haijaletwa mbele yake, na amri inayosema tu "asaini hati zote husika" huwarudisha watu masijala mara tatu.

Jambo moja la kukagua leo kabla ya kulipa chochote. Fanyeni utafutaji rasmi katika ofisi ya ardhi, na savea apime mipaka ya nje. Kama ardhi ya kweli ni ekari 5.6 na cheti kinagawa 2, 2 na 2, mutesheni haitakubalika. Rudini kortini cheti kirekebishwe, ikiwezekana kwa maafikiano, mgawane sawa kilichopo. Mkinyamaza, ndugu yenu atatumia tofauti hiyo kama sababu halali ya kukataa.

Baada ya amri hiyo, akimfukuza savea tena mbele ya askari, sasa mna kesi ya dharau, na ina mashahidi.

Nimeletewa karatasi za dharau

*Mama wa kambo amenishtaki kwa kudharau mahakama. Amri inasema "hali iliyopo idumishwe". Miwa ilikuwa nimeipanda mimi baba akiwa hai, ikakomaa, nikaivuna na kuuza. Amri sijawahi kukabidhiwa, ila wakili wangu alikuwa kortini siku ilipotolewa. Nimeshauriwa nisionekane kortini mpaka mambo yapoe. — Mkulima, Muhoroni*

Ndugu Mkulima, aliyekushauri hivyo hakutakii mema. Ukikosa kufika, korti inaweza kutoa hati ya kukukamata, na utaletwa na polisi badala ya kuja na maelezo yako. Fika mwenyewe, hata kama wakili yupo.

Usitegemee sana kwamba hukukabidhiwa. Wakili wako alikuwepo, na tumeeleza hapo juu jinsi Mahakama ya Rufani ilivyolitazama jambo hilo mwaka 2015. Hoja yako yenye nguvu iko katika maneno ya amri yenyewe. "Hali iliyopo" kwa shamba la miwa ni ipi? Je, ni kwamba aliyekuwa akilima aendelee kulima na kuvuna, au kila kitu kisimame? Kama amri haikusema nani yuko wapi, ekari ngapi, na mazao yaliyosimama yafanyweje, eleza hivyo kwenye hati yako ya kiapo, bila matusi kwa mama. Miwa ikikaa shambani kupita kiasi inapungua sukari na uzito. Mwambie jaji ilipandwa mwezi gani na ilikuwa na miezi mingapi ulipovuna. Ambatisha mkataba wa kiwanda, risiti za mizani na malipo.

Halafu fanya jambo moja ambalo litakusaidia kuliko hoja yoyote: toa pesa. Toa gharama za kukata na kusafirisha zenye risiti, na salio liweke kortini au katika akaunti ya mawakili wa pande zote, kisha ambatisha stakabadhi. Anayetii kabla ya kusikilizwa huonekana tofauti kabisa na anayebishana akiwa amezishika pesa mfukoni. Uombe radhi pia kwa maneno ya wazi. Ukiomba radhi huku ukieleza kwamba ulielewa amri kwa njia nyingine, hujakiri kosa la makusudi.

Miwa iliyochipuka tena baada ya kukatwa, usiiguse. Peleka ombi lako mwenyewe amri ibadilishwe: iseme nani atapalilia, nani atavuna, gharama zitatoka wapi, na pesa zikae wapi hadi urithi ugawanywe. Amri za "hali iliyopo" zisizo na maelezo zimezitesa familia nyingi katika ukanda wa miwa. Pande zote zina wajibu wa kudai maelezo siku ileile zinapotolewa, mawakili wakiwa bado wamesimama mbele ya jaji.

Hata kama unaamini amri ilikuwa na makosa, itii hadi ifutwe. Mahakama zetu hurejelea kesi ya Hadkinson ya Uingereza, ya mwaka 1952: amri hutiiwa hata na anayeiona batili, mpaka korti iiondoe. Ukipatikana na hatia katika Mahakama Kuu, kifungu cha 5 cha Sura ya 8 kinakupa nafasi ya kukata rufaa kama vile umehukumiwa katika kesi ya jinai. Mwambie wakili wako aandae notisi ya rufaa mapema.

Hakuna amri, lakini mali inauzwa

*Baba alifariki mwaka jana na hakuna aliyeenda kortini. Baba mdogo ameuza ng'ombe 4, anakodisha shamba, na juzi alileta mnunuzi akapima kwa hatua. Je, huku si kuidharau mahakama? — Binti wa marehemu, Bungoma*

Pole kwa msiba, binti. Pasipo amri hakuna dharau, lakini kuna kosa zito zaidi ya unavyodhani. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamkataza mtu yeyote asiye na idhini ya kisheria kuchukua, kuuza au kuingilia mali ya marehemu. Ni jinai: faini isiyozidi Sh10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili, na juu ya hayo atawajibika kwa msimamizi halali kwa mali aliyoingilia. Faini ni ndogo. Cha kuuma ni kulipia alichokula, ng'ombe wote 4.

Fanya haya kwa mpangilio huu. Kwanza ofisi ya ardhi: fanya utafutaji rasmi, kisha uweke kizuizi cha mrithi dhidi ya hati hiyo, ili lisisajiliwe uhamisho kimyakimya. Peleka nakala ya cheti cha kifo na barua ya chifu inayoonyesha kuwa wewe ni mtoto wa marehemu. Pili, piga ripoti kituo cha polisi, utaje kifungu cha 45, uchukue nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Polisi wengine watakuambia ni mambo ya nyumbani. Mwombe afisa aandike ripoti hata hivyo, kwani nambari hiyo utaitumia kortini. Tatu, omba hati ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali. Hati hii haingoji tangazo la Gazeti Rasmi, na ikiwa dharura imeelezwa vizuri inaweza kutoka upesi. Haikupi ruhusa ya kugawa wala kuuza. Katika ombi hilohilo omba zuio dhidi ya baba mdogo na mnunuzi, kwa majina yao. Akivunja zuio hilo, ndipo swali lako la dharau litapata jibu.

Kisha msichelewe kuomba hati kamili. Mtahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, pamoja na wajane na watoto wa nje ya ndoa, nakala za utafutaji wa ardhi, fomu za mirathi P&A 80 (ombi lenyewe) na P&A 5 (kiapo cha kuliunga mkono), na ridhaa za wasioomba kwa P&A 38. Tangazo la Gazeti Rasmi hutoa angalau siku 30 za pingamizi, na uthibitisho kwa kawaida huombwa baada ya miezi 6. Usimwache mrithi yeyote nje ya orodha kwa hasira. Kuficha mtu ni sababu tosha ya hati kubatilishwa, na taarifa ya uongo katika ombi ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 52.

Kuhusu mnunuzi, mwambieni mapema, tena kwa maandishi: kifungu cha 82 hakimruhusu hata msimamizi halali kuuza ardhi kabla hati haijathibitishwa. Baba mdogo, asiye na hati kabisa, hana cha kuuza.

Kwa ufupi

*Kesi yetu iko kwa hakimu, Busia. Wakili wa upande wa pili anasema hakimu hana uwezo wa kuadhibu dharau.* — Anao. Kifungu cha 5 cha Sura ya 8 kinazungumzia Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, kwa hiyo ombi linalokitaja hicho peke yake mbele ya hakimu litapingwa. Tajeni kifungu cha 10 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015. Hakikisheni pia thamani ya mali yote haijapita uwezo wa hakimu wenu: kwa hakimu mkuu ni Sh20 milioni, kwa hakimu mkazi ni Sh5 milioni. Ikizidi, hoja hiyo itaibuka siku mbaya zaidi.

*Alifungwa mwezi mmoja, ametoka, na bado hajahama nyumba ya mama. Je, amemaliza deni? — Molo* — Hapana. Kifungo hakifuti amri. Akiendelea kukaidi baada ya kutoka, huo ni ukiukaji mpya, na ombi jipya litaje tarehe za baada ya kutoka gerezani. Kama amri inamtaka ahame, ombeni atolewe kwa usimamizi wa OCS badala ya kungoja ahame kwa hiari.

*Niliuziwa robo ekari Siaya na mmoja wa warithi kabla ya hati kuthibitishwa. Sasa kuna zuio na mimi nimeanza kujenga. Sikuwa sehemu ya kesi. — Mnunuzi* — Simamisha mafundi leo. Hata asiyetajwa katika amri anaweza kuadhibiwa akiijua kisha akamsaidia aliyetajwa kuivunja. Piga picha za ujenzi ulipofikia, zenye tarehe, na umwandikie wakili wa familia kwamba umesimama. Kisha omba kuunganishwa katika faili ya mirathi kwa samansi, ukiambatisha mkataba na uthibitisho wa malipo. Ardhi hiyo hukuuziwa kihalali, lakini aliyekuuzia ana fungu lake. Mwombe jaji, siku ya kuthibitisha hati, robo ekari yako itoke katika fungu hilo pekee, na aliyekuuzia akubali kwa hati ya kiapo. Ukishindwa kupata kiapo hicho, kinachobaki ni kumdai pesa zako, na dai la mkataba wa ardhi lina muda wa miaka 6, kwa hiyo angalia tarehe ya mkataba wako wiki hii.